Kuzima, Kulaza na Kusinzisha: Istilahi katika Uchunguzi wa Hataza ya Kidhibiti cha Kumbukumbu

Miongoni mwa kazi zilizoletwa katika ofisi yetu ya istilahi hivi karibuni ni tafsiri moja ambayo mwenyewe aliomba tuithibitishe kabla hajaikabidhi kwa aliyemtuma. Kichwa chake kilisomeka hivi: "Mtihani wa Hakimiliki ya Mtunza Kumbukumbu Anayebana Matumizi ya Nguvu." Mtumishi wa serikali aliyewahi kupita masjala angedhani kwamba mtunza kumbukumbu fulani, tena mtu asiyependa ubadhirifu, anatakiwa kufanya mtihani ili apandishwe cheo. Kumbe hati yenyewe haikumhusu mtu wala masjala. Ilihusu chombo kidogo cha elektroniki kilichomo ndani ya kompyuta, ambacho mvumbuzi wake alidai kwamba hupunguza umeme unaotumiwa na kumbukumbu ya mashine hiyo. Ofisi ya hataza ya nchi ya nje ilikuwa ikichunguza kama dai hilo lastahili kulindwa kisheria.

Sina nia ya kumcheka mfasiri. Kila neno alilolitumia limo kamusini, na lau angeulizwa neno mojamoja angeweza kulitetea. Lililomponza ni kwamba aliyafasiri maneno kabla ya kulielewa jambo. Kwa hiyo katika makala haya nitaeleza kwanza jambo lenyewe, yaani hataza ni nini, huchunguzwaje, na kidhibiti cha kumbukumbu hufanya kazi gani. Kisha nitaonyesha jinsi neno moja lililotumiwa vibaya katika hati ya aina hii linavyoweza kumnyang'anya mtu mali yake, au kumpa mali isiyo yake. Madai ya uvumbuzi ninayoyatolea mfano nimeyatunga mwenyewe ili nisiitangaze hati ya mtu, lakini matatizo yake ni yaleyale.

Tuanze na hataza. Neno hili limekwisha kuzoeleka katika shughuli za usajili nchini Tanzania, ambako Sheria ya Hataza ilitungwa mwaka 1987, lakini bado linachanganywa na majirani zake wawili. Hakimiliki ni haki ya mtunzi juu ya kitabu chake, wimbo wake au picha yake. Huanza pale kazi inapotungwa, wala haimlazimu mtunzi kwenda kuiomba. Hati miliki, kwa wananchi walio wengi, ni karatasi ya kiwanja. Hataza ni haki ya namna nyingine. Hutolewa na serikali kwa aliyevumbua kifaa kipya au njia mpya ya kutenda jambo, nayo humwezesha kuwazuia wengine wasiutengeneze, wasiuuze wala wasiutumie uvumbuzi huo bila idhini yake. Haki hiyo ina kikomo. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za aina hii, ulioanza kutumika mwaka 1995, umeweka muda usiopungua miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa. Mvumbuzi naye hupaswa kuufichua uvumbuzi wake waziwazi, kiasi cha fundi wa fani hiyo kuweza kuutengeneza kwa kusoma tu. Hayo ni mapatano baina ya mtu na umma: umma hupewa ujuzi, mtu hupewa muda.

Ombi la hataza huwa na maelezo, michoro, muhtasari na madai. Sehemu tatu za kwanza humfundisha msomaji. Sehemu ya nne, yaani madai, ndiyo huweka mpaka, kama mawe ya mpaka yawekwavyo pembeni mwa shamba. Kilichomo ndani ya maneno ya dai ni cha mwenye hataza. Kilichobaki nje ni cha watu wote. Kwa sababu hiyo dai huandikwa kwa sentensi moja tu, hata iwe ndefu namna gani, na kila neno lake hupimwa.

Sasa, kazi ya kulipima ombi hilo tuiite nini? "Mtihani" haifai, maana anayefanya mtihani ni mtu, naye hufaulu au hufeli kwa alichokijibu siku ile. Wengine wamependekeza "ukaguzi". Neno hilo lina makao yake tayari: kuna mkaguzi wa hesabu na mkaguzi wa shule, na kazi yao ni kutazama kama mambo yamefuata kanuni zilizokwisha kuwekwa. Katika ofisi ya hataza ipo hatua ya namna hiyo, pale karani anapotazama kama ada imelipwa, michoro imetimia na fomu zimetiwa saini. Hatua hiyo naona ni sawa kuiita ukaguzi wa nyaraka. Lakini kazi inayofuata ni ya kutafuta, kulinganisha na kubishana, na matokeo yake hayajulikani mapema. Hiyo ni uchunguzi, na aifanyaye ni mchunguzi.

Mchunguzi hutafuta mambo matatu. La kwanza ni upya: je, kitu hiki kimekwisha kujulikana popote duniani kabla ya siku ya ombi? La pili ni hatua ya uvumbuzi: hata kama ni kipya, je, fundi wa kawaida wa fani hiyo asingekifikia kwa urahisi kutokana na aliyokuwa akiyajua? La tatu ni kufaa kutumika viwandani. Hili la tatu halisumbui sana katika mambo ya kompyuta, nami sitakaa nalo. Jumla ya yote yaliyojulikana kabla ya siku ya ombi huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo maana yake ya kila siku ni sanaa, na mfasiri wetu aliandika "sanaa ya zamani", utadhani mchunguzi alikuwa akitafuta vinyago vya Kimakonde. Napendekeza "ujuzi uliotangulia". Yule fundi naye, aliyeitwa katika tafsiri "mtu stadi wa sanaa", ni mtu wa kufikirika tu. Sheria imemuumba ili awe kipimo. Anajua yote yaliyoandikwa katika fani yake, ila hana kipaji cha kuvumbua. "Fundi mwenye ujuzi wa kawaida wa fani" humweleza vya kutosha.

Tuje kwenye chombo chenyewe. Kumbukumbu kuu ya kompyuta za leo imejengwa juu ya wazo la Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM, aliyepewa hataza ya Marekani mwaka 1968. Wazo lake lilikuwa la kutumia transista moja tu na kapasita moja kuhifadhi tarakimu moja, sifuri au moja. Kapasita ikiwa na chaji, ni moja. Isipokuwa nayo, ni sifuri. Kwa unyenyekevu huo wa sehemu zake, kumbukumbu hii iliweza kufanywa ndogo sana na ya bei nafuu. Lakini ina ila yake: kapasita huvuja, kama mtungi wenye ufa. Tarakimu isipoandikwa tena baada ya muda mfupi hupotea. Katika kumbukumbu nyingi za kawaida muda huo ni milisekunde 64, na joto likizidi nyuzi 85 za selsiasi hupunguzwa hadi 32. Kazi ya kuisoma chaji na kuiandika tena kabla haijatoweka nimeifikiria kwa muda mrefu, na sijapata neno linaloizidi "kuhuisha". Maana ya asili ya neno hilo, kurudishia uhai, ndiyo hasa inayotendeka.

Anayetoa amri za kuhuisha, na za kusoma na kuandika pia, ni chombo kinachokaa baina ya kichakato na kumbukumbu. Mfasiri alikiita mtunza, na mwingine angeweza kukiita msimamizi. Lakini kitu kisicho na roho kinachofanya kazi kina ngeli yake katika Kiswahili, nayo ni ya KI-VI. Na wasafiri wa mabasi ya mikoani wamezoea kusikia habari za kidhibiti mwendo kinachofungwa kwenye injini. Basi na hiki kiwe kidhibiti cha kumbukumbu. Kuhusu "kumbukumbu", nakiri kwamba ina maana nyingi, kuanzia za mikutano hadi za marehemu. Hata hivyo walimu na wanafunzi wamekwisha kuipokea kwa maana ya kompyuta, na kuibadilisha sasa kungeleta hasara kuliko faida. Itoshe kuandika "kumbukumbu ya kompyuta" mara ya kwanza inapotajwa.

Kumbukumbu hula umeme hata wakati hakuna anayeisoma. Watengenezaji wameipa kwa hiyo namna za kupumzika. Namna ya kwanza ni nyepesi: kidhibiti huiondolea ishara ya saa, sehemu zake za kupokea amri hutulia, na ikihitajika huamka kwa muda mfupi sana. Katika hali hiyo, hata hivyo, haijihuishi, hivyo ni lazima iamshwe kila mara ili ihuishwe. Namna ya pili ni nzito zaidi: kumbukumbu huachwa ijihuishe kwa saa yake ya ndani, kidhibiti kikaondoka kabisa. Umeme hupungua zaidi, lakini kuamka kwake huchukua muda mrefu kuliko katika ile ya kwanza. Namna ya tatu ni kukata umeme wote, na hapo yaliyomo hupotea.

Mfasiri wetu aliziita zote tatu "kuzima". Hapa ndipo nilipoiweka kalamu chini nikampigia simu. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya mapumziko, wala hapakuwa na haja ya kukopa. Anayesinzia hushtuka kwa kuguswa. Aliyelala huchelewa kuamka, lakini akiamka huyakumbuka ya jana. Taa iliyozimwa haina inachokumbuka. Napendekeza basi hali ya kwanza iwe kusinzia, na kitendo cha kidhibiti kiwe kusinzisha; ya pili iwe kulala na kulaza; na "kuzima" ibaki kwa ile ya tatu peke yake. Baadhi ya wenzangu ofisini waliona maneno haya ni ya utani mno kwa hati ya kisheria. Niliwajibu kwamba hata Waingereza walitumia neno lao la usingizi katika mambo haya, na hakuna jaji aliyecheka.

Uvumbuzi katika eneo hili aghalabu huwa katika uamuzi: lini kumbukumbu ilazwe? Tatizo ni lilelile la dereva aliye kwenye foleni. Akizima injini kila gari linaposimama, atatumia mafuta mengi kuiwasha na atawachelewesha walio nyuma. Asipoizima kamwe, mafuta yataungua bure. Kidhibiti kikiilaza kumbukumbu mapema mno, kompyuta itakuwa ikingoja mara kwa mara iamke. Kwa hiyo huwekwa kihesabio cha kupima muda ambao kumbukumbu haikuguswa, na kizingiti ambacho muda huo ukikifikia ndipo amri hutolewa.

Tuseme sasa mvumbuzi ameandika dai lake la kwanza hivi: "Kidhibiti cha kumbukumbu kinachojumuisha kihesabio cha kupima muda ambao kumbukumbu haikutumika, na sehemu ya kuamuru ambayo huilaza kumbukumbu hiyo muda huo ufikapo kizingiti." Mchunguzi hatatoka jasho. Atatoa kijitabu au hataza ya zamani yenye kihesabio, kizingiti na amri ya kulaza, ataonyesha kila sehemu ya dai imeandikwa ukurasa gani, na atahitimisha kwamba dai halina upya. Hati moja inatosha, mradi iwe na sehemu zote.

Mvumbuzi hurudi na dai lililorekebishwa. Ameongeza mwishoni: "na ambapo kidhibiti hicho hukiongeza kizingiti hicho kumbukumbu inapoamshwa kabla ya kipindi kilichowekwa kupita tangu ilazwe, na hukipunguza inapolala kupita kipindi hicho." Yaani kizingiti hujifunza kutokana na makosa. Hapa upya waweza kuwapo, na vita huhamia kwenye hatua ya uvumbuzi. Mchunguzi hodari atakumbuka kwamba katika miaka ya 1990 wataalamu waliandika kuhusu diski za kompyuta za kubeba, ambazo zilisimamishwa zisizunguke ili kuokoa betri, na kizingiti cha kuzisimamisha kikabadilishwa kwa kufuata mazoea ya matumizi. Atauliza: fundi wa kawaida aliyesoma hayo asingeyahamishia kwenye kumbukumbu? Mwombaji atajibu kwamba diski huchukua sekunde nzima kuanza kuzunguka, na kumbukumbu huamka ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Programu inayoamua kwa ajili ya diski ingekuwa bado inafikiri wakati nafasi ya kulala imekwisha kupita, hivyo uamuzi ulipaswa kufanywa na saketi za kidhibiti chenyewe, na jambo hilo halikuwa dhahiri. Mchunguzi naye atamwambia: basi liandike hilo katika dai. Hivyo ndivyo mpaka unavyosogea ndani, hatua kwa hatua, mpaka pande zote mbili zikubaliane au ombi likataliwe.

Msomaji sasa aone "kuzima" lingefanya nini katika mazungumzo haya. Ikiwa dai la Kiswahili lasema kidhibiti "huizima kumbukumbu", basi lazungumzia chombo kinachopoteza yaliyomo. Mshindani ambaye kidhibiti chake huilaza kumbukumbu bila kupoteza kitu angeweza kusema mahakamani kwamba yeye haizimi, naye angekuwa anasema kweli. Mvumbuzi angekuwa na cheti kizuri ukutani kisichomlinda dhidi ya yeyote.

Yako matatizo mengine yasiyoonekana upesi kama hilo, nayo yanatokana na umbo la lugha yenyewe. Kiingereza kina vibainishi vya nomino, kimoja cha kitu kinachotajwa mara ya kwanza na kingine cha kitu kilichokwisha kutajwa. Kiswahili hakina, na hatujawahi kukosa usingizi kwa hilo. Lakini katika madai vibainishi hivyo vina kazi. Mfasiri akijitahidi kuwa mwaminifu, huandika "kihesabio kimoja" mahali pa kile cha mara ya kwanza. Kosa ni kubwa kuliko linavyoonekana. Katika madai ya aina tunayoizungumzia, kibainishi kile hueleweka kwa kawaida kuwa ni kimoja au zaidi. "Kimoja" cha Kiswahili huhesabu. Mshindani ataweka vihesabio viwili na kutoka nje ya mpaka akipiga mluzi. Kiswahili kinachofaa ni "kihesabio" bila nyongeza. Kwa kutajwa mara ya pili tunayo silaha bora kuliko ya Kiingereza, yaani kiashiria cha "-o" ya urejeshi: kihesabio hicho, muda huo, kumbukumbu hiyo. Ngeli hutuambia ni kipi kinachorejelewa, na ikiwa vitu viwili vya ngeli moja vinagombana, kama kidhibiti na kizingiti katika dai letu hapo juu, ni lazima nomino irudiwe. Usiogope kurudia. Mwalimu wa insha atakukemea, mchunguzi hatakukemea.

Kadhalika kitenzi kinachounganisha jina la chombo na sehemu zake. "Kinachojumuisha" huacha mlango wazi: chombo chenye sehemu hizo na nyingine zaidi bado kimo ndani ya dai. "Kilichoundwa kwa ... pekee" hufunga mlango. Tafsiri niliyoiona ilitumia "kilichoundwa kwa" bila "pekee", na sentensi ikabaki inaning'inia, haijulikani kama mlango uko wazi au umefungwa. Katika hati ya hataza, shaka kama hiyo ni chakula cha mawakili. Tena zingatia tofauti ya "kinachoweza kulaza" na "kilichopangwa kulaza". Karibu kila kidhibiti kinaweza kulaza kumbukumbu kikiamriwa. Dai lenye "kinachoweza" huenda likakutwa limevunjwa na ujuzi uliotangulia kabla halijasomwa hadi mwisho.

Anayedhani kwamba nakuza mambo na aangalie shauri moja la Marekani, lililohusu kumbukumbu za kompyuta vilevile. Mwaka 1990 Michael Farmwald na Mark Horowitz waliwasilisha ombi la hataza kuhusu mawasiliano ya haraka na kumbukumbu. Ofisi ya hataza iliona kwamba ombi moja limebeba uvumbuzi mwingi, ikataka ligawanywe mafungu kumi na moja. Hataza zilizotokana na ombi hilo zilikuwa mali ya kampuni ya Rambus, nayo iliishtaki kampuni ya Infineon katika mahakama moja ya jimbo la Virginia. Ubishi mmojawapo mkubwa ulihusu neno moja fupi: lile linalotaja kundi la nyaya ambalo vyombo kadhaa vimeunganishwa nalo. Mwaka 2001 mahakama hiyo ililipa neno hilo maana finyu, kwamba ni lazima nyaya zilezile zipitishe anwani, data na amri kwa zamu. Kwa maana hiyo bidhaa za mshtakiwa zilibaki nje ya mpaka. Januari 2003 mahakama ya rufani ilisema hapana, neno libaki na maana yake ya kawaida, yaani nyaya zinazopitisha habari baina ya vyombo vilivyounganishwa nazo. Mpaka ukapanuka kwa hukumu juu ya neno. Kampuni hizo mbili zilipatana mwaka 2005.

Neno lenyewe, kwa bahati, ni lile ambalo sisi tulilikopa kwa maana ya gari la abiria. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "kwa wote", na umeme ulilichukua kwa maana hiyohiyo kabla ya kompyuta kuzaliwa. Sioni kizuizi cha kisarufi cha kuandika "basi la data", lakini nimeona darasa zima likiangua kicheko kwa maneno hayo, na "basi" ya kiunganishi nayo ipo tayari kuongeza fujo. "Njia ya pamoja" huhifadhi wazo la Kilatini, na haisemi lolote juu ya zamu wala aina ya habari zinazopita, jambo ambalo mahakama ya rufani ilikuwa makini nalo.

Kuna swali jingine ambalo mchunguzi wa leo huliuliza kabla ya hayo yote: je, huu ni uvumbuzi au ni wazo tupu? Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa mwaka 1973 haukubali programu ya kompyuta kwa hali yake hiyo pekee iwe uvumbuzi, na mahakama za Marekani nazo hukataa mawazo dhahania. Kuokoa umeme humsaidia mwombaji hapa, maana ni tokeo la kiufundi linaloweza kupimwa kwa mita. Mwaka 2017 mahakama ileile ya rufani, katika shauri la Visual Memory dhidi ya NVIDIA, iliamua kwa majaji wawili dhidi ya mmoja kwamba mfumo wa kumbukumbu ulioboreshwa si wazo dhahania. Mfasiri aangalie asiandike "wazo la kufikirika", ambalo Kiswahilini huelekea kwenye jambo la uongo au la ndoto.

Na kwa kuwa tumetaja mita: "nguvu" katika kichwa cha ile tafsiri nayo inahitaji kuangaliwa. Kinachopimwa kwa wati ni kasi ya kutumia nishati. Kinachopimwa kwa juli ni nishati yenyewe. Kidhibiti kinaweza kupunguza wati na bado kikatumia nishati nyingi zaidi, kwa sababu kazi imechukua muda mrefu. Dai lisemalo la kwanza halithibitishwi na jaribio lililopima la pili. Katika kichwa cha habari "kupunguza matumizi ya umeme" yatosha. Ndani ya madai tuandike "nguvu ya umeme" kwa wati na "nishati" kwa juli, wala tusizibadilishane kwa ajili ya kupamba mtindo.

Huenda msomaji akauliza ni nani atakayesoma madai kwa Kiswahili, ilhali ARIPO, shirika la Afrika la miliki ubunifu lililoko Harare, ambalo Tanzania na Kenya ni wanachama, huchunguza maombi yake kwa Kiingereza. Lakini mwaka 2021 sheria za Tanzania zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikabaki kwa pale haki inapokihitaji. Siku shauri la hataza litakapofikishwa mbele ya hakimu, mtu atapaswa kueleza kwa Kiswahili mpaka wa dai uko wapi. Ulaya wamelifikiria jambo hili zamani. Kwa mkataba wao nilioutaja, hati halali ni ile ya lugha iliyotumika katika shauri. Lakini nchi mwanachama imeruhusiwa kuamua kwamba tafsiri kwa lugha yake, ikiwa imetoa ulinzi finyu kuliko hati ya asili, ndiyo itakayofuatwa huko. Kwa maneno mengine, "kimoja" cha mfasiri mmoja chaweza kuwa sheria ya nchi nzima.

Istilahi nilizozitaja zitapelekwa mbele ya kamati ya kusanifisha, pamoja na kichwa kilichorekebishwa cha tafsiri ile: "Uchunguzi wa Hataza ya Kidhibiti cha Kumbukumbu Kinachopunguza Matumizi ya Umeme." Mbili bado hazijapata jibu. Kumbukumbu hugawanywa katika mafungu makubwa ya chipu zinazoitika amri kwa pamoja, na ndani ya kila chipu mna mafungu madogo yanayoweza kufunguliwa kila moja peke yake. Kwa yale makubwa tumeandika "safu", na hadi sasa hakuna aliyepinga. Kwa yale madogo Kiingereza hutumia neno la benki ya fedha. Fundi mmoja wa kompyuta ametuletea "chumba", kwa hoja kwamba nyumba moja huwa na vyumba vingi na mlango wa kila kimoja hufunguliwa peke yake. Mwalimu wa fizikia amelikataa kwa kuwa ndani ya chumba hicho mna mistari na safu nyingine za vijichumba, na mwanafunzi atapotea. Walio na neno la tatu walilete kabla kamati haijakaa.